Nafasi ya Dansi

Alhamisi moja ya Januari, saa tano kasorobo asubuhi, Veijo Salmirinne alikuwa kwenye foleni ya supu ya njegere katika mkahawa wa jengo la manispaa ya Ahvenkorpi, sahani mkononi, simu yake ilipotikisika mfukoni. Ujumbe ulitoka kwenye seva. Ulisema kwamba fungu la mkurugenzi, yaani sehemu yake ya diski, limejaa kwa asilimia tisini na saba. Veijo aliusoma, akairudisha simu mfukoni, akapakuliwa supu na kipande cha mkate wa maziwa wenye jamu, akaketi, akala vyote. Alikuwa na miaka sitini na tatu, na hakuwahi kuona seva iliyopona kwa sababu mtunzaji wake ana njaa.

Jengo lile lilitii diski zake. Nafasi ikiongezwa kwenye diski, chumba kiliongezeka. Ikipunguzwa, kuta zilisogea. Fundi aliyelijenga alikuwa amekwisha kufa, na michoro yake haikusema lolote kuhusu jambo hilo, kwa hiyo watu wa matengenezo waliandika tu kwenye daftari lao kwamba vipimo vya vyumba aulizwe Veijo.

Zamani, seva ilipokuwa ile ya kwanza, ukurasa wa mwanzo wa diski ulikuwa na mistari minne tu ya kuandikia mipaka. Hivyo jengo zima lilikuwa na vyumba vinne, na walipotaka cha tano ilibidi cha nne kigeuzwe ukumbi mrefu, na ndani yake vikatwe vyumba vidogo vidogo, kimoja nyuma ya kingine, hata mtu wa idara ya maji ikawa lazima apitie kwa muuguzi wa meno. Baadaye ikaja aina mpya ya ugawaji, yenye mistari mia na ishirini na nane. Asubuhi ile milango mia na ishirini na nane ilitokea, mingi ikifunguka kwenye ukuta mtupu, na mleta barua akapotea humo, akaonekana tena kesho yake. Ndipo Veijo, ambaye kazi hii alijifunza katika shule ya jioni baada ya kiwanda cha mbao kufungwa, alipoamua kufanya mambo kwa akili. Alizimimina diski zote sita katika chungu kimoja, na kutoka chungu hicho akampakulia kila mmoja fungu lake kadiri ya haja. Fungu likipungukiwa, unachota tena chunguni. Hakuna mlango unaohama, hakuna mtu anayepita kwa muuguzi wa meno.

Mama yake alimfundisha tangu utotoni asijaze kikombe mpaka ukingoni. Kwa hiyo siku zote aliacha kiasi chunguni bila kukipakua. Kiasi hicho kilikuwa chumba kisicho na mlango wala dirisha, nyuma ya chumba cha seva, na Veijo peke yake ndiye aliyejua namna ya kuingia. Kwa miaka mingi alikula humo chakula chake cha mchana, kimya, na hakusikia habari yoyote ya mpira wa barafuni. Lakini Novemba iliyopita mkurugenzi alihitaji nafasi ya filamu ya vuli, na chumba kile kikaenda. Tangu hapo Veijo alikula mkahawani na wenzake.

Alipomaliza supu alipanda ghorofani.

"Ingia, ila geuka ubavu," alisema Pirkitta Lehtovirta, mkurugenzi wa manispaa. Sauti yake ilitoka nyuma ya kitu kikubwa cha rangi ya buluu.

Veijo aligeuka ubavu. Ofisi ilikuwa imejaa ziwa. Lilikuwa ziwa la Ahvenkorpi, lililopigwa picha kutoka angani kwa ajili ya filamu ya kuwavutia watu wahamie huko, likakunjwa na kuegemezwa ukutani, juu ya kabati, na mbele ya dirisha. Maji yalidondoka kidogo kwenye zulia.

"Ni ziwa moja hili?"

"Moja, mara kumi na moja. La nne lina mawingu, la sita lina bata. Wale wa kampuni ya matangazo hawajachagua."

"Watachagua lini?"

"Machi. Kaka, mimi sasa napanda juu ya meza ndipo nifike kwenye kiti changu. Nipanulie."

"Chungu kimekauka. Akiba uliimaliza wewe Novemba."

Pirkitta alimgeuzia skrini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayesoma taarifa hadi mwisho. "Hii hapa," alisema. "Hifadhi ya sauti. Haijatumika, asilimia arobaini na sita. Karibu nusu ya chumba imekaa tu."

"Haijakaa. Wanacheza dansi humo."

"Nani?"

"Wazee. Kila Alhamisi saa nane."

Pirkitta aliitazama nambari tena, kwa haki kabisa, kama mtu anayetafuta dansi ndani yake. "Hapa haipo," alisema.

"Haionekani kwa sababu haiachi kitu. Wakimaliza, sakafu inabaki wazi kama ilivyokuwa."

"Basi ndiyo nilivyosema. Iko wazi."

Veijo aliyatazama maji kwenye zulia. Kisha aligeuka ubavu tena, akashuka ngazi.

Hifadhi ya sauti ilikuwa chini, mwisho wa ukumbi. Miaka ishirini nyuma, shule za vijiji zilipofungwa na watu kuanza kuhama, mtunza hifadhi Aune Pihlajisto alizunguka nyumba kwa nyumba na mashine ya kurekodia, akawaketisha wazee jikoni kwao, akawaacha waseme. Wote arobaini na mmoja walikuwa wamekufa tangu wakati huo. Sauti zilipowekwa kwenye diski walikuja wakakaa chumbani, kila mmoja kwenye kiti chake, na ukubwa wa kila mmoja ulitokana na urefu wa maneno yake. Hilja Salmirinne, mama yake Veijo, alikuwa na saa mbili na dakika kumi na nne, nyingi zikiwa majina ya ng'ombe, na alitosha kwenye kiti cha kawaida. Eemeli mkata miti alikuwa na saa tisa, akahitaji viti viwili. Katika hizo saa tisa, saba zilikuwa kimya. Kwenye diski kimya kina uzito sawa na maneno.

Aune alikuwa akigawa vikombe Veijo alipoingia.

"Umekuja na sura ya mfanyakazi wa bima," alisema. "Sema."

"Nawapunguza."

"Kiasi gani?"

"Hiyo sakafu ya katikati yote. Inabaki asilimia tatu."

Aune alishusha birika. "Kwa nini usimpunguze mkurugenzi? Ana maji mengi ofisini mwake kuliko kituo cha zimamoto."

Ilibidi Veijo aeleze, na kueleza kulikuwa kukiri. Kila fungu, kabla halijawekwa kitu, hutandikwa sakafu yake ya ndani, na sakafu zina aina. Ipo aina ya kasi, inayobeba mizigo mikubwa bila kuguna na kupanuka kadiri utakavyo, ila haijui kupungua. Walioitunga hawakuona mtu atakayetaka kupungua. Ipo na aina ya kizamani, ya taratibu, ambayo hukubali yote mawili. Miaka minne iliyopita Veijo alimtandikia mkurugenzi ile ya kasi, kwa kuwa mkurugenzi hapendi kungoja, na hifadhi akaitandikia ile ya kizamani, kwa kuwa wazee hawana haraka. Alifanya hivyo kwa nia njema, Jumatatu moja, kabla ya kahawa ya saa tatu.

"Kwa hiyo anayekubali kubanwa ndiye anayebanwa," alisema Aune.

"Mitambo ndivyo ilivyo."

"Mitambo haikujipanga, bwana wewe."

Mnyonge msonge, walisema wahenga wa pwani ya mbali, na huko Ahvenkorpi, ambako methali hiyo haikuwahi kufika, ilikuwa ikifuatwa bila kasoro.

Kupunguza kuna utaratibu wake. Kwanza fungu lifunguliwe kutoka mahali pake, na hilo haliwezekani watu wakiwa ndani. Kisha sakafu ikaguliwe. Kisha sakafu ivutwe ndani, na hapo tu ndipo ukuta uifuate. Ukianza na ukuta, utakata chochote kilicho upande wa pili, na upande wa pili, karibu na dirisha, ndiko alikopenda kukaa Hilja. Kwa hiyo Jumanne iliyofuata wazee wote arobaini na mmoja walitoka hadi ukumbini na makoti yao, wakapanga mstari ukutani kama watu wanaongoja basi, mmoja mbali na mwingine kwa hatua mbili, kama ilivyo adabu ya huko. Mkahawa uliwaletea kahawa na mikate ya iliki.

Veijo aliketi kwenye kigoda mlangoni, kompyuta magotini. Alisoma kila amri mara tatu kabla ya kuiruhusu.

"Umevaa soksi za sufu?" aliuliza Hilja, aliyekuwa wa kwanza kwenye mstari.

"Nimevaa, mama."

"Za nani?"

"Zako. Zile za kijivu."

"Zile zilitoboka kisigino."

"Nimezishona."

"Umezishona wewe? Hebu."

Veijo alivua kiatu, akamwonyesha kisigino, huku ukaguzi ukiwa umefika asilimia sitini na mbili. Hilja alikichunguza.

"Ng'ombe angeshona vizuri zaidi," alisema, lakini alikiangalia kwa muda. "Na sisi unatufanya nini humo?"

"Nawapunguzia chumba."

"Kwa sababu gani?"

"Mkurugenzi ana ziwa mara kumi na moja."

"Na yeye utampunguza lini?"

"Yeye hapungui. Nilimtandikia sakafu isiyopungua."

Hilja alikunywa kahawa yake hadi chini. "Nilikufundisha kuhusu kikombe," alisema.

"Ulinifundisha."

"Basi." Akamrudishia kikombe kitupu akishike.

Sakafu ilivutwa ndani, na ukuta ukaifuata polepole, ukisukuma mbele yake gramafoni ndogo na chungu cha maua. Hakuna aliyekatwa. Wakati uleule, ghorofani, ofisi ya mkurugenzi ilikuwa ikipanuka. Pirkitta alikuwa katikati ya mazungumzo ya simu na hakuhitaji kuyakatisha, kwa kuwa kukua hakumlazimu mtu kutoka nje. Wazee waliporudi ndani, magoti yao yaligusana. Kwa watu wa Ahvenkorpi hilo lilikuwa jambo zito kuliko kifo. Eemeli, aliyeketi kwenye viti vyake viwili, alinyamaza kwa namna nyingine.

Alhamisi ile saa nane Aune aliweka santuri. Walisikiliza hadi mwisho, wamekaa.

Machi ilifika, na kampuni ya matangazo ikachagua ziwa la saba. Yale mengine kumi yalifutwa asubuhi moja. Veijo alipoitwa ghorofani kurekebisha mashine ya kuchapia, alifungua mlango, akatembea. Alitembea muda mrefu. Meza ya mkurugenzi ilionekana mbali karibu na dirisha, ndogo kama mtumbwi, na ziwa la saba lilikuwa limesimamishwa kando yake kama mwavuli. Kabla hajafika nusu ya njia, Pirkitta alimjia akiwa juu ya kigari cha kusukumia kwenye theluji, mguu mmoja kwenye chuma na mwingine ukipiga sakafu.

"Nimeona afadhali hiki," alisema akifunga breki. "Kwa miguu nilikuwa nachelewa mikutano."

"Pirkitta. Hii nafasi sasa huna kazi nayo."

"Sina hata kidogo. Ina mwangwi. Nikipiga chafya, najitakia afya mara tatu. Ichukue."

Veijo alishukuru, kisha akabaki amesimama. Mwangwi ulishukuru pia.

"Haiwezi kuchukuliwa," alisema. "Njia ni moja. Tukutoe wewe na vitu vyako vyote, fungu livunjwe, lijengwe upya likiwa dogo, kisha urudi."

"Siku ngapi?"

"Moja. Mbili, tukiwa waangalifu."

Pirkitta alitoa kalenda yake, naye alitafuta kweli. Aprili ilikuwa ya bajeti. Mei wangekuja wageni. Juni ilikuwa fupi, Julai kila mtu alikuwa kwenye kibanda chake cha kiangazi, na Agosti ilikuwa filamu mpya. "Naweza kukupa tarehe kumi na nne Oktoba," alisema.

"Niandike."

"Na mpaka hapo, kwa nini tusiwabane kidogo wazee wenyewe? Nimesoma. Sauti hubanwa siku hizi. Yule wa viti viwili ana saa saba za kimya. Zikitolewa, si anatosha kwenye kigoda?"

Veijo alilipeleka pendekezo hilo chini, kwa kuwa lilitolewa kwa wema. Aune alimsikiliza huku akifuta vikombe.

"Nilikaa na Eemeli jikoni kwake siku nzima," alisema. "Aliniambia mambo sita. Katikati ya la nne na la tano, mkewe katika masimulizi alikuwa amekufa, nasi tukakaa saa mbili na nusu. Ukiitoa hiyo, unabaki na mtu anayesema kwamba miti ilikuwa mirefu. Mwambie mkurugenzi hapana, na asante."

Eemeli aliitikia kwa kichwa. Ilikuwa mara ya kwanza mwaka ule.

Mwezi Mei alikuja mkaguzi kutoka mkoani, mwanamke mpole mwenye mkoba, akasoma nambari za mafungu yote. Kuhusu hifadhi ya sauti aliandika: imetumika asilimia tisini na saba, mfano wa kuigwa. Kuhusu ofisi ya mkurugenzi aliandika: imetumika asilimia nne, ina nafasi nzuri ya kukua. Kwenda na kurudi kutoka mezani alipewa kigari. Taarifa ilibandikwa ukumbini, na Aune aliisoma kwa sauti ili wazee nao wajue kwamba wamesifiwa.

"Tumewahi kusifiwa?" aliuliza Hilja.

"Hatujawahi," walisema kadhaa.

"Basi ndivyo kunavyokuwa."

Tarehe kumi na nne Oktoba ilisogezwa hadi tarehe nne Novemba, na tarehe nne Novemba ikasogezwa hadi majira ya kuchipua, kwa sababu zilizoelezwa vizuri katika barua. Veijo aliiweka barua pamoja na zile nyingine. Siku hiyo hakwenda mkahawani. Alishuka hifadhini na rula ya mbao, akapiga magoti kati ya miguu ya wazee, akapima ile asilimia tatu. Ilikuwa sakafu yenye ukubwa wa meza ya kahawa. Alipima tena upande wa pili, akapata ileile.

"Watu wawili wanatosha hapa," alisema kutoka chini, "kama hawana haraka."

Aune alifanya kama inavyofanywa katika kila jengo la Ahvenkorpi lenye sauna moja na wapangaji wengi: alichora orodha ya zamu, akaining'iniza mlangoni na kalamu kwenye uzi. Kila Alhamisi saa nane, jozi moja, santuri moja. Watu walijiandikisha bila kusukumana. Arobaini na mmoja walitoa jozi ishirini, na akabaki mtu mmoja. Aliyebaki alikuwa Hilja, aliyesema tangu mwanzo kwamba hana haja, kisha akaomba kalamu, akajiandika mstari wa mwisho, na mbele ya jina lake akaandika la mwanawe bila kumuuliza.

Zamu yao ilifika mwaka uliofuata, mwishoni mwa Aprili, theluji ilipokuwa bado imeshikilia kivuli cha jengo. Veijo aliacha koti lake ukumbini. Aliacha pia viatu, funguo, simu, na miwani, ili aingie na vitu vichache kadiri iwezekanavyo. Simu ilitikisika juu ya benchi: fungu la mkurugenzi lilikuwa na asilimia tano. Aune aliteremsha sindano juu ya santuri.

"Usinikanyage," alisema Hilja.

"Sitakukanyaga, mama."

"Na usihesabu hatua. Nakusikia ukihesabu."

Walicheza kwenye ile sakafu ya meza ya kahawa, taratibu, soksi za kijivu zikigeuka palepale zilipo. Upande wa pili wa dari kigari kilisikika kikitoka mezani, kikaenda, kikaenda, mpaka kikafika mlangoni. Na kila Veijo na mama yake walipofika kwenye kona na kuhitaji shubiri moja zaidi, wale wengine arobaini, bila kuambiwa, waliinua miguu.